"Jirani anasema ni mvuke tu": moshi wa makaa ya mawe unasafishwaje?

Swali: Shikamoo mhandisi. Mimi ni mwenyeji wa Tanga, ila nipo eMalahleni, Afrika Kusini, mwaka wa sita sasa. Mume wangu ni dereva wa lori la makaa ya mawe. Tukitoka nje tunaiona minara ya mtambo wa umeme wa Duvha. Mwanangu wa miaka saba ana pumu, na kila asubuhi nafuta vumbi jeusi dirishani. Jirani yetu anafanya kazi kwenye mtambo mmoja wa huku, anasema vichujio vilishafungwa zamani na kinachotoka kule juu ni mvuke tu. Ni kweli moshi wa makaa unasafishika? Kama unasafishika, mbona mtoto anakohoa? Na nyumbani nasikia wanataka kujenga mtambo kama huu Mchuchuma. Na sisi tutafika huku?

Jibu: Marahaba, dada yangu, na pole kwa kuuguza. Jirani yako hajakudanganya, kakupa nusu ya habari. Pale Duvha kuna minara ya aina mbili. Ile minene iliyobonyea kiunoni ni ya kupozea maji, na wingu linalotoka humo ni mvuke kweli, sawasawa na wa sufuria ya wali. Halafu kuna miwili myembamba, kila mmoja una urefu wa takriban mita 300. Hizo ndizo dohani, na moshi wa tanuri unapita humo. Siku nyingi utazikodolea macho usione kitu kikitoka. Watu wakiona hakuna moshi wanasema hewa safi, wakiona wingu jeupe juu ya mnara mnene wanasema tunauawa. Mambo ni kinyume chake.

Moshi wa makaa umebeba vitu vya namna mbalimbali, na kila kimoja kina dawa yake. Kwa hiyo mtu akikwambia vichujio vimefungwa, muulize: vya kuchuja nini?

Tuanze na jivu. Chukua mtambo wa megawati 1,000 unaofanya kazi usiku na mchana kwa makaa ya Mpumalanga. Kwa siku unakula kama tani 12,000. Makaa mazuri ya mkoa huo huoshwa na kupelekwa bandari ya Richards Bay kuuzwa nje, na yale yenye mawe mengi ndiyo yanayobaki kuwapikia nyinyi umeme. Tuseme asilimia 30 yake ni jivu, na sehemu kubwa ya jivu hilo haianguki chini ya tanuri bali inaruka na moshi. Hapo una tani 3,000 za vumbi laini kila siku zinazotafuta mlango wa kutokea. Kichujio kinachokamata asilimia 99 kinaachia tani 30. Kinachokamata asilimia 99.9 kinaachia tani 3. Msemaji wa mtambo atakwambia kwa fahari "tunakamata asilimia tisini na tisa", na hajasema uongo, ila mapafu ya mtoto hayajali zilizokamatwa. Yanahesabu zilizopita.

Kichujio cha zamani zaidi ni cha umeme. Ndani yake kuna mabamba ya chuma yaliyotundikwa kama mashuka kwenye kamba, na katikati ya mabamba zimepita nyaya zenye makumi ya maelfu ya volti. Chembe ya jivu ikikatiza hapo inapata chaji, inavutwa na bamba, inaganda. Kila baada ya muda nyundo inaligonga bamba na jivu linaporomoka kwenye faneli iliyo chini. Nikiwa kijana, kwenye mtambo mmoja nje ya Afrika, fundi mzee alinifundisha kukikagua kichujio kwa masikio. Ukisimama juu ya paa lake usiku unasikia ngo, kimya, ngo, ngo. Usiku mmoja upande wa tatu haukusikika kabisa. Nyundo zimekwama, mabamba yamevaa jivu nene kama ukoko, umeme haushiki tena. Tukamwambia msimamizi wa zamu. Akatazama saa, akasema tutaliona asubuhi, maana kulitengeneza kulitaka mtambo upunguze umeme na wakubwa wangeuliza kwa nini. Kile kifaa cha kupima uzito wa moshi kwenye chumba cha uongozaji kilikuwa na karatasi imebandikwa: kinafanyiwa marekebisho. Kilikuwa nayo tangu Jumatatu.

Nimekusimulia hilo kwa sababu ndilo jibu langu lote kwa kifupi. Moshi unasafishika, na ujuzi wake ni wa miaka mingi. Kigumu ni kuhakikisha kisafishio kinafanya kazi saa nane za usiku wakati nchi ina njaa ya umeme na hakuna anayetazama.

Kichujio cha umeme nacho kina kituko chake. Makaa yenye salfa kidogo, ambayo ungedhani ndiyo mazuri, hutoa jivu linalokataa chaji, na mitambo mingine inalazimika kupuliza gesi ya salfa kwenye moshi ili jivu likubali kunaswa. Ndiyo maana siku hizi wengi wanahamia kwenye mifuko. Hii ni kama soksi ndefu za kitambaa kinachostahimili joto, maelfu kwa maelfu, moshi unapita na vumbi linabaki nje ya soksi. Duvha yenu hiyo ilikuwa miongoni mwa mitambo ya kwanza duniani kubadilishiwa, mwaka 1993, kwenye matanuri matatu kati ya sita. Kwa hiyo jirani ana haki ya kujivuna kidogo. Kwa upande wa jivu, vichujio vipo.

Shida inakuja kwenye salfa, yaani kiberiti. Chandarua kinazuia mbu, hakizuii harufu ya pilau, na salfa ikishaungua inakuwa gesi, inapita kwenye soksi zako kana kwamba hazipo. Kila tani ya makaa yenye salfa asilimia 1 inatoa takriban kilo 20 za dioksidi ya salfa. Kwa mtambo wetu wa tani 12,000, hizo ni kama tani 240 kwa siku za gesi isiyoonekana kwa macho. Mwenye pumu akiivuta kwa wingi, dakika kumi zinatosha kumbana kifua. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha gesi hii kwa dakika kumi, mikrogramu 500 kwa mita ya ujazo, mbali na kile cha siku nzima. Halafu haiishii hapo. Ikikaa hewani saa kadhaa au siku, inageuka kuwa chembechembe laini sana za salfeti zinazosafiri mamia ya kilomita. Dohani ya mita 300 haipunguzi hata gramu moja. Kazi yake ni kuamua nani atavuta.

Dawa yake ni kuuosha moshi. Unaupitisha kwenye mnara, juu yake kuna mabomba yanayonyunyiza tope la mawe ya chokaa yaliyosagwa. Gesi inakutana na chokaa, oksijeni inaongezwa chini, na kinachopatikana ni jasi, ile ile ambayo mafundi wa dari wanaiita jipsamu. Kwa mtambo wetu wa mfano, kiosheo kizuri kingekula takriban tani 350 za mawe ya chokaa kwa siku na kutoa zaidi ya tani 600 za jasi, na zile tani 240 za gesi zingebaki kama 12. Nimewahi kuishika jasi hiyo ikitoka kwenye mkanda wa kukamulia maji: ina unyevu, rangi ya maziwa ya unga, ina joto la mkate uliotoka jikoni muda si mrefu. Huwezi kuamini kwamba nusu saa iliyopita ilikuwa moshi. Na si uvumbuzi wa jana. London walikuwa wanauosha moshi wa Battersea kwa maji ya mto Thames miaka ya 1930. Ujerumani Magharibi ilitoa kanuni mwaka 1983, misitu yao ilipokuwa inakauka, na ndani ya miaka michache mitambo yote mikubwa ilikuwa na viosheo.

Duvha hakuna kiosheo. Katika mitambo ya makaa ya Eskom, shirika la umeme la Afrika Kusini, kinapatikana Kusile, upande wa magharibi wa mji wenu. Sikiliza kilichoipata. Oktoba 2022 njia ya moshi ya tanuri namba 1 iliharibika ndani ya dohani baada ya mabaki kujikusanya na kuganda kwa uzito mkubwa. Matanuri matatu yanayotumia dohani hiyo yakazimwa, zaidi ya megawati 2,000 zikapotea, na ule mwaka uliofuata wewe mwenyewe unaukumbuka, mgao wa umeme wa saa nyingi kwa siku. Eskom wakaomba kujenga dohani za muda zinazokwepa kiosheo. Mwaka 2023 wakaruhusiwa, na mwishoni mwa mwaka huo matanuri yote matatu yakawaka bila kuoshwa moshi. Siwalaumu kirahisi. Hospitali zilikuwa gizani, na ningekaa kwenye kiti cha waziri nami ningehangaika. Lakini tazama ni kipi kilichotolewa kafara kwanza.

Medupi, kule Limpopo, ni hadithi nyingine ya namna hiyo. Benki ya Dunia ilikopesha dola bilioni 3.75 mwaka 2010, na kiosheo kilikuwa ndani ya masharti. Mtambo ukajengwa "tayari kwa kiosheo", maana yake waliacha nafasi. Tanuri la mwisho liliingia kazini mwaka 2021. Nafasi bado ni nafasi. Sababu zinazotolewa ni maji, ambayo kule ni adimu, na fedha. Eskom imekuwa ikitaja takriban randi bilioni 300 kwa mitambo yake yote kufikia viwango vya sheria. Hoja ya maji naichukulia kwa uzito nusu tu, kwa sababu kuna viosheo vya unga wa chokaa visivyotumia maji mengi. Havisafishi kwa ukamilifu ule, ila kupunguza nusu ya salfa si haba kwa mtu anayevuta yote.

Na viwango vyenyewe? Mitambo ya zamani Afrika Kusini iliruhusiwa kutoa miligramu 3,500 za dioksidi ya salfa kwa kila mita ya ujazo ya moshi. Kuanzia Aprili 2020 kikomo kikawa 1,000, lakini misamaha haijakoma. Machi 2025 serikali iliipa mitambo minane msamaha mwingine, mingi kwa miaka mitano, pamoja na masharti. China, ambayo watu wengi wanaitaja kama mfano wa uchafuzi, tangu mwaka 2014 iliitaka mitambo yake ishuke hadi 35. Si kosa la uchapaji, ni thelathini na tano. Na waliweza kwa sababu mtambo uliofikia kiwango ulilipwa bei ya juu kidogo kwa kila uniti ya umeme, wakati vifaa vya kupima kwenye dohani vinapeleka takwimu saa kwa saa kwa wasimamizi. India nao waliandika kanuni nzuri mwaka 2015, wakasogeza tarehe mara kadhaa, na Julai 2025 wakaisamehe mitambo mingi isifunge viosheo kabisa.

Oksidi za nitrojeni sitakuchosha nazo. Zinapunguzwa kwa kulirekebisha tanuri lisiungue kwa joto kali mno mahali pamoja, na ukitaka zaidi unapuliza amonia kwenye moshi mbele ya kichocheo. Kazi hiyo ya kwanza ni rahisi kuliko zote nilizotaja, na mtambo ambao haujaifanya hauna cha kujitetea. Zebaki sehemu yake hunaswa njiani na mifuko na kiosheo. Hewa ukaa haiguswi na lolote kati ya hayo, hata jasi yenyewe ikitengenezwa inatoa kidogo. Hiyo dawa yake ni kuchoma makaa machache zaidi, na kuna mtambo mmoja mkoani kwenu, Komati, uliozimwa kabisa Oktoba 2022. Nenda ukaongee na wafanyabiashara wa pale kabla hujashangilia. Mtambo ukizimwa hata muuza chai anazimika nao, na mume wako anaendesha lori la makaa. Silisemi hili ili kuupamba moshi. Nasema tu kwamba hesabu ya nani analipa haiishii kwenye chokaa.

Kuhusu Mchuchuma. Mradi huo wa wilayani Ludewa umezungumzwa miaka na miaka, na mpango wake una mtambo wa megawati 600. Wenzetu wa Lamu walikuwa karibu zaidi kuliko sisi. Ulipangwa mtambo wa megawati 1,050 pale Kwasasi, ukapewa leseni ya mazingira, wananchi wakakata rufaa, na Juni 2019 baraza la rufaa za mazingira la Kenya likaifuta leseni, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2025 mahakama ya Malindi ikaukubali uamuzi huo. Mimi ningeulizwa kuhusu Mchuchuma ningetaka jambo moja liandikwe kwenye mkataba kabla ya jiwe la msingi: kiosheo na mifuko viwe ndani ya bei ya umeme tangu uniti ya kwanza, na mtambo usilipwe kwa saa ambazo kisafishio kimezimwa. "Tayari kwa kiosheo" lisikubaliwe. Nafasi tupu haioshi kitu.

Sasa turudi kwa mtoto, maana ndiye aliyekufanya uandike.

Vumbi lako la dirishani halitoki kwenye dohani ya Duvha, ninavyoamini. Jivu la mtambo ni la kijivu, rangi ya saruji, ukilisugua kati ya vidole linateleza kama poda. Chukua lako uliweke kwenye karatasi nyeupe. Likiwa jeusi, linang'aa kidogo na linakwaruza, hayo ni makaa ambayo hayajaungua bado: ya malori, ya malundo, ya migodi. Na utanisamehe, mengine yameingia na ovaroli ya shemeji. Avulie nje, viatu vibaki nje, nguo zake zifuliwe peke yake.

Halafu tazama saa. Kwenye nyanda za juu kama hizo, usiku wa majira ya baridi, Juni hadi Agosti, hewa baridi hulala chini na hewa ya vuguvugu hukaa juu yake kama mfuniko. Dohani ndefu mara nyingi hutoboa mfuniko huo. Kwa hiyo moshi unaousikia saa kumi na mbili asubuhi na saa moja jioni kwa sehemu kubwa ni wa mtaani: majiko ya makaa, mbawula za walinzi, takataka, magari, na pengine migodi ya zamani inayowaka chini kwa chini pembezoni mwa mji. Jua likipanda, saa nne au saa tano, hewa inaanza kuvurugika na moshi wa juu unashushwa chini. Hiyo ndiyo saa ya salfa. Ukisikia harufu ya mayai yaliyooza hiyo ni gesi nyingine tena, na mara nyingi upepo umeileta kutoka upande wa Secunda kwenye viwanda vya kugeuza makaa kuwa mafuta. Salfa ya dohani inakereketa koo kama njiti ya kiberiti iliyowashwa karibu na pua.

Sisemi haya kumtetea mwenye dohani. Mahakama Kuu ya Pretoria ilikwishasema mwaka 2022 kwamba hewa ya nyanda hizo inavunja haki ya kikatiba ya wakazi wake. Nasema ili ujue mtoto alindwe saa ngapi. Akikohoa alfajiri, ziba mianya ya dirisha na usiwashe mbawula ndani hata kama kuna baridi ya kukata mfupa. Akibanwa saa tano shuleni, mwalimu ajue, na dawa ya kuvuta iwe kwenye begi lake, si kabatini kwako. Ile ya kila siku asiache hata akiwa mzima, mpaka daktari aseme.

Mji wenu una kituo cha serikali cha kupima hewa, na takwimu zake zinaonekana bure kwenye simu kupitia mfumo unaoitwa SAAQIS. Chukua daftari la shule lililobaki kurasa. Kwa wiki tatu andika siku, saa mtoto aliyoanza kukohoa, upepo unatoka wapi, na namba ya dioksidi ya salfa na ya vumbi laini kwa saa hiyo. Mpelekee daktari nakala, na nyingine nitumie mimi. Na jirani mpe swali moja tu, kwa heshima, siku mkiwa mnakunywa chai: mwezi uliopita, vile vichujio vilizimwa saa ngapi jumla?